WAYA WA GIA SI WAYA WA BREKI



Duka letu la ushirika lina msumari ukutani, nyuma ya mizani, na kwenye msumari huo wametundika nyaya za baiskeli. Ni nyembamba, zinang'aa, na bei yake ni ndogo. Ukimwuliza muuzaji ni za nini, anakujibu ni za breki, ni za gia, ni za kila kitu, wewe chukua tu. Nasema hapa ukutani, kwa mwandiko wangu, kwamba maneno hayo si kweli. Nyaya zile ni za gia peke yake. Mtu anayefunga waya wa gia kwenye breki ni sawa na anayefunga fahali kwa uzi wa kushonea.

Nilikwisha kulisema jambo hili kwa mdomo mbele ya Kamati ya Manunuzi. Nikajibiwa kwamba Katibu anaingilia mambo yasiyo ya chama, ati siasa na spoku wapi na wapi. Haya, sasa nawajibu kwa maandishi, kila mtu asome, na asiyejua kusoma asomewe na mwanawe. Mwaka 1973 nchi hii ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee wetu waliokuwapo hawakuuliza siasa na choo wapi na wapi. Walichimba choo. Mimi naona waya wa breki ni jambo la namna ileile, kwa sababu unahusu mwili wa mwanakijiji na gunia lake.

Hebu kwanza tuangalie mahali tunapoishi. Sumbawanga iko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko chini, kama mita 800. Katikati hapo ndipo ulipo ukingo wa Lyambalyamfipa, na anayetoka Ntendo kwenda Muze anauteremka wote, kona juu ya kona. Ukigeukia upande wa pili kwenda Kasanga, Ziwa Tanganyika nalo liko chini, mita 770 hivi. Maana yake Mfipa akitoka nyumbani kwenda ziwa lolote anateremka, na akirudi anapanda. Hata huku juu kwenyewe, nani ana njia ya kwenda shambani isiyo na mteremko wa mtoni? Watu wa nchi tambarare wakikatikiwa na breki wanaacha kukanyaga pedali, baiskeli inasimama yenyewe. Sisi tukiacha kukanyaga ndiyo kwanza inaongeza mbio.

Na baiskeli zetu hazitembei tupu. Gunia la mahindi peke yake ni kilo 100. Weka mwenye baiskeli kilo 60, weka chuma chenyewe kilo 20. Hizo ni kilo 180 zinazoteremka, na zote zimeshikwa na nini? Na waya. Mgonjwa naye tunampeleka zahanati kwenye keria hiyohiyo, na mjamzito pia, nani asiyejua.

Msimu wa mavuno uliopita kijana wetu mmoja alikuwa anateremka kuelekea mtoni na gunia la mahindi. Jina lake silitaji, wote tunamjua, na mpaka leo hawezi kunyanyua jembe juu ya bega. Alipobana breki, mkono wa breki ukalala wote kwenye usukani bila kushika kitu. Yeye akaenda mtaroni, gunia likapasuka, mahindi yakazoa mchanga. Kesho yake maneno yakaanza: kalogwa, kuna mtu alimtazama alipokuwa anafunga mzigo. Ndugu zangu, jina la mji wetu lenyewe, Sumbawanga, kwa Kifipa maana yake ni tupa uchawi. Basi tuutupe, tukaangalie baiskeli.

Mimi nilikwenda kuiangalia. Waya haukukatika hata kidogo. Ulichomoka. Ni hivi: kila waya una kichwa, kidonge cha chuma kilichoyeyushiwa mwishoni, na kichwa hicho ndicho kinachokaa ndani ya mkono wa breki. Kichwa cha waya wa breki wa baiskeli zetu hizi ni kama pipa dogo lililolazwa, upana wake kiasi cha milimita 7. Kichwa cha waya wa gia ni kidogo sana, milimita 4 hivi. Tundu la pipa likipewa kichwa kidogo, kinacheza ndani. Aliyeufunga waya ule alilijua hilo, maana nilikuta amekisindikiza kichwa na kipande cha msumari ili kisicheze. Alijua! Msumari ukatoka, kichwa kikatoka, na kijana akaenda na gunia lake. Na waya huo ulinunuliwa kwenye duka letu wenyewe, wala haukutoka kwa mlanguzi wa mjini.

Kichwa ni jambo la kwanza. La pili ni unene. Waya wa breki ni milimita 1.5 au 1.6. Waya wa gia ni milimita 1.1 au 1.2. Mjumbe mmoja wa Kamati alinicheka, akasema Katibu anagombania nusu milimita. Kisomo nilikipata ukubwani, katika darasa la watu wazima, lakini eneo la duara tulifundishwa. Fanyeni hesabu. Chuma kilichomo katika waya wa gia kinazidi nusu ya kile cha waya wa breki kwa kidogo tu. Nusu milimita ya kuchekesha imekula karibu nusu ya chuma chote! Tena kumbukeni mkono wa breki ni wenzo. Nguvu unayobana kwa vidole inafika kwenye waya ikiwa imeongezeka mara mbili mpaka nne, kufuatana na mkono wenyewe. Waya wa gia haukutengenezwa kuvutwa hivyo. Kazi yake ni kusogeza kile kidude cha nyuma kinachohamisha mnyororo, kazi ambayo hata kidole gumba kinaiweza.

La tatu, ambalo wengi hawalijui, ni kava, lile ganda la plastiki ambalo waya unapita ndani yake. Chukueni kava mbili mzitazame kwenye mdomo uliokatwa. Kava la breki ndani yake lina chuma bapa kilichozungushwa kama springi, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kava la gia za kisasa ndani yake lina nyaya ndogo ndogo zilizolala wima, mdomoni utaziona kama vitone vilivyozunguka tundu. Ni kama njiti za ufagio zilizofungwa pamoja. Kwa gia linafaa kuliko lile la springi, maana halifupiki likivutwa, gia inaingia pale pale unapotaka. Lakini ukilitia kwenye breki, siku utakayobana kwa nguvu zako zote zile njiti zinapasua plastiki na kutokea nje, na mkono wa breki unalegea mara moja. Siku ya kubana kwa nguvu zote ni siku gani? Ni ile ng'ombe wamekatiza, au mtoto katoka kichakani. Siku za kawaida litakaa tu, nawe utasema mbona Katibu anatutisha.

Sasa nije kwenye hoja za Kamati, maana sipendi kumpiga mtu ambaye hajasikilizwa.

Wanasema nyaya za breki ni ghali. Ni kweli zinazidi bei. Lakini waya mmoja mzuri wa breki haufiki bei ya debe la mahindi, na yule kijana alimwaga gunia zima, acha bega. Wanasema tena kwamba nyaya nyembamba zinatoka haraka, fedha inazunguka. Zinatoka haraka kwa sababu mwanachama anarudi kununua tena! Ushirika haukuanzishwa ili mwanachama aje dukani kila mwezi kununua kitu kilekile. Mlanguzi ndiye anayefurahia mteja anayerudi hivyo.

Wanasema pia, na hili linasemwa na wazee ninaowaheshimu, kwamba zamani hatukuwa na mambo haya ya nyaya na watu waliteremka salama. Shikamooni wazee. Baiskeli mlizozipanda zilikuwa Raleigh za Mwingereza, Phoenix za Shanghai, Hero na Avon za Wahindi, na Swala zilizotengenezwa kwetu Dar es Salaam. Nyingi zilikuwa na breki za fito za chuma. Unabana juu, fito inavuta fito, raba zinapanda kwenye rimu. Fito ikilegea unakaza nati, ikipinda unainyoosha kwa jiwe. Haina kichwa cha kuchomoka. Lakini baiskeli za gia zilizojaa siku hizi zinafanya kazi kwa waya ndani ya kava, jambo ambalo mtu mmoja, Ernest Bowden, alilisajili mwaka 1896. Ni zaidi ya miaka mia moja sasa, wala si uchawi wa Wachina. Ila lina kanuni zake, na kanuni za Phoenix hazilitoshi.

Na ninyi mafundi wa chini ya mwembe, msidhani nimewasahau. Mnafunga breki kwa waya wa kufungia nondo. Nimeona kwa macho yangu waya wa nondo umepitishwa kwenye kava na kupigwa fundo mwishoni. Waya wa nondo ni uzi mmoja wa chuma laini. Waya wa breki ni nyuzi nyingi zilizosokotwa ndiyo maana unapinda na kurudi. Ule wa kwenu ukipinda mara nyingi mahali pamoja unakatika, na kila mtoto aliyewahi kutengeneza gari la waya anajua hilo, tena anautumia ujuzi huo kuukata bila koleo. Sisi ni wajukuu wa watu walioyeyusha chuma kwenye malungu, tanuru ndefu kuliko kimo cha mtu, na mabaki yake bado yapo huku Ufipa mpaka leo. Babu zetu walikijua chuma kwa sauti yake. Leo mjukuu anapewa waya wa nondo na hajui kwamba hautafika Muze.

(Kalamu ya bluu imekwisha wino, naendelea na nyekundu. Msidhani nimekasirika zaidi.)

Kuna na vijana wa ndala. Hawa hawana waya mzuri wala mbaya, wameng'oa breki zote, wanateremka mguu mmoja ukisugua tairi, na kwao huo ni uanaume. Ndala inaliwa, tairi linaliwa, na mvua ikinyesha tairi likilowa, unyayo unateleza kama sabuni. Wengine wameacha breki ya nyuma tu, ya mbele wameitoa, ati inapindua. Inapindua mtu anayeibana ghafla, tena peke yake. Ukweli ni kwamba unapobana breki uzito wote unasogea mbele, na gurudumu la mbele ndilo linaloshika ardhi zaidi. Ukiwa na gunia nyuma, gurudumu la nyuma nalo linasaidia kuliko ukiwa mtupu. Basi zinatakiwa zote mbili, zibanwe taratibu, na zianze kubanwa kule juu kabla baiskeli haijachukua mbio. Kwenye mvua zetu za Novemba mpaka Aprili, wenye rimu za chuma waanze mapema zaidi, maana rimu ya chuma ikilowa raba haishiki kabisa mpaka izunguke na kujifuta maji.

Wengi wameniuliza, basi tufanyeje, maana waya mzuri ukifungwa vibaya nao ni hasara. Nitasema ninavyojua.

Ukinunua waya wa breki, mara nyingi utaukuta una vichwa viwili, kimoja huku kimoja kule: kile cha pipa, na kingine kama tunda la peasi, ambacho ni cha baiskeli za mashindano zenye usukani uliopinda chini. Sisi tunataka pipa. Kile kingine kinakatwa na kutupwa. Msicheke, nimeona fundi amekata pipa, akabaki na peasi mkononi anaitazama. Kata kwa koleo kali, kwa mara moja, usitafune tafune waya kwa plaizi butu ukafumuka kama mkia wa ng'ombe. Waya uliofumuka haupiti kwenye kava, na ukipita unaacha nyuzi nyuma.

Kava jipya pimia kwa lile la zamani, kama la zamani lilikuwa sawa. Kama huna la zamani, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Kava lisivutwe na wala lisibinuke kama upinde. Mdomo wake ulikate sawasawa, uupige tupa, kisha uchokonoe tundu kwa msumari mwembamba, maana plaizi huwa inalibana likafunga. Halafu vikofia vya mwisho wa kava msivitupe! Vikofia hivyo ndivyo vinavyozuia kava lisizame kwenye tundu lake. Paka waya grisi kidogo au oili kabla ya kuupitisha. Oili chafu ya gari hapana, inabeba unga wa chuma.

Ukishaupitisha, kaza ile skrubu ya kurekebishia iliyo kwenye mkono wa breki mpaka karibu iingie yote, ili baadaye uwe na nafasi ya kuifungua. Bana raba kwenye rimu kwa mkono, au umwambie mtoto azibane, vuta waya kwa plaizi, kaza nati kwa spana namba 10. Achia. Raba zibaki na nafasi ya milimita 2 au 3 kila upande. Sasa bana mkono wa breki kwa nguvu zako zote, mara kumi, baiskeli ikiwa imesimama. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokimbilia fedha yao na kukuachia baiskeli. Zile mara kumi zinakalisha kichwa na kava mahali pake, waya utalegea kidogo, nawe utaukaza tena. Kama utachomoka, uchomoke hapo chini ya mwembe. Baada ya siku chache za kutembea kaza mara nyingine. Mkono wa breki ukibanwa usifike kwenye usukani, vidole viwili viweze kupita katikati.

Mkia wa waya unaobaki uuache kama sentimita 4, uuvike kikofia au uuyeyushie risasi usifumuke. Tena kila Jumapili ukitoka kanisani vuta mkono wa breki uchungulie pale kichwa kinapokaa. Waya unaanza kufa pale, kwa sababu ndipo unapopinda kila siku. Ukiona uzi mmoja umekatika, usihesabu zilizobaki. Badilisha.

Kuhusu gia sina ugomvi na mtu. Waya wa gia ukikatika, springi inaupeleka mnyororo kwenye gia ndogo ya nyuma, nzito kupanda, basi unashuka unasukuma mpaka nyumbani. Wapo waliokifunga kile kidude kwa kamba kikae gia moja maisha yake yote, na wanafika. Mwenye kutaka gia zake zifanye kazi aufunge waya mnyororo ukiwa kwenye gia ndogo kabisa, aukaze bila kuunyonga, na atumie kava la gia. Nyaya zile za msumarini zitamfaa sana. Ndiyo, zibaki dukani, lakini muuzaji aseme ni za gia, na aandike kwenye karatasi juu ya msumari. Kama hajui kuandika, nitamwandikia mimi, bure.

Ninalolitaka kwa Kamati ni hili. Safari ijayo ya Sumbawanga mjini, gari likienda kuchukua mbolea, zinunuliwe nyaya za breki zenye kichwa cha pipa, za unene wa milimita 1.5 au zaidi, na kava la springi la kukata kwa mita, na vikofia vyake. Mnunuzi aende na waya wa zamani mfukoni alinganishe kwa jicho, asidanganywe na picha ya pakiti. Na yule anayesema sina mamlaka, nakubali sina. Mwenye mamlaka ni mkutano wa wanachama, na jambo hili nimeliombea nafasi kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi, baada ya taarifa ya pembejeo. Njooni na baiskeli zenu. Nitakuwa mlangoni na spana namba 10 kuanzia saa mbili asubuhi, na kila baiskeli itakayoingia uwanjani nitabana breki zake mara kumi mbele ya mwenyewe. Wajumbe wa Kamati nao wana baiskeli. Nitaanza na zao.

Katibu wa Tawi